Johannesburg na hatari inayobaki baada ya kifo

Milipuko mitatu ya maradhi iliyotokea mjini Johannesburg, Afrika Kusini, inaeleza kwa nini wanaohifadhi maiti kwa dawa hutakiwa kuihesabu kila maiti kuwa ina maradhi ya kuambukiza.

Mwezi Februari mwaka 1975, kijana raia wa Australia aliyekuwa amesafiri kwa kuomba lifti nchini Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, alifariki dunia hospitalini mjini Johannesburg. Mwenzake wa safari na muuguzi mmoja waliugua, lakini walipona. Ugonjwa huo ulikuwa Marburg, ambao hadi wakati huo haukuwa umewahi kutambuliwa barani Afrika.

Mwaka 1996 daktari kutoka Gabon alitibiwa mjini humo na akapona. Muuguzi aliyeshiriki kumhudumia alifariki dunia mwezi Novemba, na ni ugonjwa wake uliofichua kwamba daktari huyo alikuwa na Ebola.

Pigo la tatu lilikuja Septemba 2008, pale mgonjwa mahututi aliposafirishwa kwa ndege kutoka Zambia. Watu watano waliugua, wanne wakafa. Miongoni mwao alikuwemo mfanyakazi wa usafi, ambaye inadhaniwa alisafisha chumba cha mgonjwa huyo baada ya kifo chake. Kirusi hicho kipya kilipewa jina la Lujo, kwa kuunganisha herufi za mwanzo za Lusaka na Johannesburg.

Katika matukio yote matatu, mgonjwa wa kwanza alipowasili hakuna aliyejua anaugua nini.

Kazi yenye hatari

Mhifadhi maiti huwa karibu zaidi na hatari hiyo. Yeye hufungua mshipa mkubwa, aghalabu wa shingoni, husukuma ndani dawa yenye formalini na kuitoa damu. Kisha hufyonza majimaji ya kifuani na tumboni kwa bomba lenye ncha kali. Formalini huua vijidudu vingi, lakini mfanyakazi hukutana na damu kabla dawa haijafanya kazi. Aidha, maiti inapogeuzwa, hewa iliyosalia mapafuni huweza kutoka na vijidudu. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliripoti kisa cha mhifadhi maiti wa Baltimore aliyeambukizwa kifua kikuu na maiti.

Kwa sababu hiyo, mfanyakazi hutakiwa kuvaa glavu, aproni isiyopenyeza maji, barakoa na kinga ya macho. Mdomo na pua za maiti hufunikwa kabla ya kuigeuza. Sindano hazirudishwi kwenye vifuniko vyake, na chumba lazima kipitishe hewa vizuri, kwani formalini yenyewe ni sumu.

Lakini kwa Ebola, Marburg na homa zinazofanana nazo, vifaa hivyo havitoshi kuhalalisha kazi hiyo. Wataalamu wa afya huagiza maiti isitiwe dawa kabisa. Hufungwa ndani ya mfuko usiovuja, mfuko ukatakaswa kwa klorini, na maiti ikazikwa au kuchomwa mapema.

Safari ya kurudi nyumbani

Hapo ndipo ugumu unapojitokeza. Johannesburg ulijengwa kwa jasho la wahamiaji kutoka Msumbiji, Malawi, Lesotho na kwingineko, na familia nyingi hutaka jamaa yao akazikwe kwao. Mara nyingi maiti haivuki mpaka bila cheti kinachothibitisha kwamba imetiwa dawa. Kwa aliyekufa kwa maradhi ya aina hiyo, kile kinachodaiwa mpakani ndicho kinachokatazwa na madaktari.

Mwezi Mei mwaka 2013 Afrika Kusini ilitangaza kanuni maalumu za kushughulikia maiti, zikiwemo za kuzitia dawa na kuzisafirisha. Hata hivyo, kanuni hutegemea ukweli wa taarifa zinazofika chumba cha maiti. Ikiwa hospitali au jamaa wataficha chanzo cha kifo, au ikiwa chanzo hicho hakijulikani, kama ilivyokuwa mwaka 1975, 1996 na 2008, kinga ya mfanyakazi ni tahadhari aliyoichukua kabla hajaigusa maiti.