Onyo la 1972 Lililopuuzwa: Zebaki Usoni, Sumu Kwenye Figo

Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la British Medical Journal habari za wagonjwa 60 wa figo, wote watu wazima. Miili ilikuwa imevimba, mkojo umejaa protini. Walipoulizwa wanajipaka nini, zaidi ya nusu walitaja krimu za kung'arisha ngozi. Krimu hizo zilikuwa na chumvi ya zebaki, asilimia 5 hadi 10. Kati ya waliofuatiliwa baada ya kuziacha, kama nusu walipata nafuu.

Ushahidi huo, basi, haukutoka ng'ambo. Ulipatikana mwendo wa matatu moja tu kutoka mji wetu wa Kitengela.

Wakati huo kujichubua kulikuwa kumeshazoeleka. Mshairi Okot p'Bitek alikuwa amelikejeli jambo hilo katika Song of Lawino, kitabu kilichotoka Nairobi mwaka 1966. Tanzania nayo, kupitia Operesheni Vijana ya TANU Youth League, tawi la vijana la chama tawala, iliyotangazwa Oktoba 1968, ilizipiga vita krimu hizo pamoja na sketi fupi na mawigi. Hoja ilikuwa utamaduni, si figo.

Zebaki huzuia mwili kutengeneza melanini, ile rangi inayotukinga na jua. Haiishii kwenye ngozi. Hupenya hadi damuni, ikajikusanya kwenye figo, na mtoto anayebebwa na mama aliyejipaka naye hupata fungu lake. Baadaye ikaja haidrokwinoni. Uwezo wa jamii hiyo ya kemikali ulijulikana mwishoni mwa miaka ya 1930, wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi Marekani walipoona mikono yao ikipauka ndani ya glavu za mpira. Ukiitumia kwa miaka, ngozi huweza kugeuka bluu-nyeusi mashavuni, doa lisilotoka kwa urahisi. Nazo krimu za steroidi, ambazo ni dawa za daktari, huikondesha ngozi mpaka mishipa ionekane.

Afrika Kusini ilipiga marufuku haidrokwinoni mwaka 1990. Kenya, kupitia shirika lake la viwango, KEBS, ilifuata mwaka 1998: zebaki, haidrokwinoni na homoni zote nje. Miaka 26 baada ya onyo la Nairobi! Lakini Ulaya ndiyo iliyonikera zaidi. Ilikataza zebaki katika vipodozi vya watu wake mwaka 1976, huku viwanda vyake vikiachwa kutengeneza sabuni za zebaki za kuuza nje, Afrika ikiwemo. Mlango huo ulifungwa 2003.

Sheria ipo, ila barabara nayo ipo. Kitengela iliota kando ya njia ya Namanga iendayo mpakani, juu ya malisho ya Wamaasai, watu ambao morani wao walijipamba kwa udongo mwekundu na mafuta. Leo ni mji wa ploti, fleti na maduka ya vipodozi, na anayetamani rangi ya thao, yaani ngozi nyeupe, hakosi wa kumuuzia. Boksi la krimu huenea kwenye buti ya gari lolote linalovuka mpaka. Kumkamata mwenye kibanda ni rahisi. Mwenye mzigo haonekani.

Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kuwa vipodozi vyote vyenye zebaki vikome ifikapo 2025. Tusisubiri mkataba utukagulie makopo. Krimu isiyo na lebo, au iliyochanganywa nyuma ya duka, usiinunue. Na kama unajipaka, kisha miguu ikavimba na mkojo ukatoka na povu, nenda hospitali ya Kitengela au ya rufaa ya Kajiado, ubebe kopo lenyewe, umwambie daktari ukweli.