Msharasi wa Su Qin: Usingizi na Mitihani katika China ya Kale

Desturi ya kumpima mwanafunzi kwa usingizi aliojinyima, ambayo ingali na nguvu katika Asia ya Mashariki, ina mizizi katika simulizi za kale za China, hasa ile ya Su Qin, mshauri wa wafalme wa karne ya 4 KK. Alipokataliwa na mfalme wa Qin, alirudi kwao amechakaa, mkewe asiinuke kwenye mtambo wa kufumia wala shemeji yake asimpikie. Ndipo akajifungia na kitabu cha mbinu za vita, na kila aliposinzia akajichoma paja kwa msharasi, yaani chombo chenye ncha cha kutobolea ngozi, hata damu ikamtiririka mpaka miguuni.

Huyu hakuwa mtahiniwa, bali mtu mzima aliyefedheheshwa na kutamani cheo. Hata hivyo, Sanzijing, kitabu cha kusomeshea watoto kinachonasibishwa na Wang Yinglin wa karne ya 13, kiliuchukua msharasi huo pamoja na kisa cha Sun Jing, aliyefunga nywele zake kwenye boriti ili kichwa kisiiname, bila kumtaja yeyote kati yao kwa jina. Fedheha ikaachwa, jeraha likabaki kuwa mfano kwa mtoto anayeanza kusoma.

Mfano huo ulistawi kwa sababu ya keju, mitihani ya kuteua maofisa wa dola, iliyodumu kwa karne 13 hivi hadi ilipofutwa mwaka 1905. Mtihani wa jimbo ulikuwa na awamu tatu za siku tatu kila moja, na mtahiniwa alikaa katika kijumba kisicho na mlango, chenye mbao mbili, moja meza na moja kiti, ambazo usiku ziliunganishwa kuwa kitanda kifupi kisichomruhusu kunyoosha miguu. Nanjing pekee ilikuwa na vijumba zaidi ya 20,000.

Katika karne ya 20, msemo ulienea Japani na Korea Kusini kwamba alalaye kwa muda wa saa 4 hufaulu, na wa saa 5 huanguka. Ili wanafunzi wapate kulala, Seoul iliagiza vituo vya twisheni vifungwe saa 4 usiku, na Mahakama ya Katiba ikaidhinisha agizo hilo mwaka 2009. Mwaka huohuo serikali ikaanza kuwalipa raia waliofichua vituo vilivyokiuka sheria.