Jinsi ya kutengeneza waya wa maiki mwenyewe nyumbani, usichanganye pini namba 2 na 3

Maiki ikianza kukatakata katikati ya ibada au harusi, mara nyingi waya wenyewe ni mzima. Kilichoachia ni lehemu ndani ya plagi, pale waya unapopindwa kila siku. Ukijua kuchomelea, unatengeneza waya mpya wa urefu unaoutaka, na ule wa zamani huutupi.

Tafuta waya wa maiki (nyaya mbili ndani, zimezungushiwa nyuzi za shaba), plagi ya XLR ya kike na ya kiume, pasi ya kulehemu, multimita, na lehemu ya vifaa vya umeme yenye rosini ndani. Lehemu ya mafundi bomba achana nayo, dawa yake ya asidi hula shaba taratibu.

Kabla hujawasha pasi, pitisha kifuniko cha plagi kwenye waya. Hata mafundi wazoefu husahau hili, halafu wanabomoa kazi nzuri.

Menya ganda la nje kama sentimita 2, sokota nyuzi za shaba ziwe uzi mmoja, kisha menya ncha za nyaya mbili za ndani. Paka lehemu kila ncha, na uweke kidogo kwenye kikombe cha kila pini. Sasa pasha kikombe, lehemu ikiyeyuka ingiza waya, toa pasi, tulia mpaka igande. Ni sekunde chache tu. Lehemu ya bati 60 na risasi 40 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183, lakini weka pasi kama 350. Pasi ya baridi inakufanya ukae muda mrefu, na plastiki ya plagi inalainika, pini zinapinda.

Pini 1 ni nyuzi za nje, 2 ni chanya, 3 ni hasi, pande zote mbili. Fuata namba zilizoandikwa kwenye plagi, usifuate macho, maana ya kike na ya kiume zimepangwa kama mtu na kioo chake.

Ukibadilisha 2 na 3 upande mmoja, maiki itaongea kama kawaida na hutashtuka. Balaa linakuja maiki mbili zikiwekwa mbele ya kwaya moja: sauti zinapingana, besi inapotea, na watu wanalaumu spika.

Pima kwa multimita. 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3 ilie. 1 na 2, 1 na 3, 2 na 3 isilie. Tikisa waya huku unapima. Plagi ya kike ndiyo inayoingia kwenye maiki.

Waya huu usiutoe kwenye ampu kwenda spika, ni mwembamba na utapata moto. Na kwa kuwa lehemu hiyo ina risasi, fungua dirisha ukifanya kazi na unawe mikono kabla ya kula.