Walirudi Kazini, Sawa. Lakini Ni Programu Iliwarudisha?

Kuna swali moja ambalo kila anayeendesha programu ya matibabu huliogopa: hawa watu si wangepona hata bila wewe? Kwa askari walioumia ubongo, swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka 100, na bado watu wananyimwa matibabu kwa sababu yake.

Tuanze 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Kule Frankfurt, Ujerumani, daktari Kurt Goldstein alifungua taasisi ya askari waliojeruhiwa kichwani. Jamaa hakuridhika na majaribio ya mezani pekee. Alikuwa na karakana, na humo alimwangalia mgonjwa akifanya kazi ya mikono: anachoka saa ngapi, anakwama wapi. Wengine aliwafuatilia kwa miaka. (Wanazi waliposhika nchi 1933 walimkamata kwa kuwa Myahudi. Akatorokea Amsterdam, halafu Marekani.) Kazi safi, lakini hakuwa na kundi la kulinganisha. Aliona watu wakirudi kazini, basi. Wangapi wangerudi bila karakana? Hapo hana jibu.

Sasa ruka hadi Marekani, miaka ya tisini. Hospitali ya jeshi ya Walter Reed ilichukua askari 120 wenye majeraha ya ubongo ya wastani hadi makali, ikawagawa kwa bahati nasibu. 67 walilazwa wiki nane, wakapewa mazoezi ya kumbukumbu, umakini, kila kitu. 53 walienda nyumbani na mazoezi yao, na kila wiki nesi aliwapigia simu ya nusu saa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Baada ya mwaka mmoja, waliorudi kazini: hospitali 90%, nyumbani 94%.

Eeh, soma tena. Simu ya nesi ilitoshana na wodi nzima.

Mimi niliacha chuo, lakini hesabu hii haihitaji digrii, inahitaji tu usiwe na haraka. Kwanza, hakukuwa na kundi lisilopata chochote. Kwa hivyo huwezi kujua kama zote mbili zilisaidia, au ubongo ulijiponya tu. Pili, ukiwatazama wale 75 waliopoteza fahamu zaidi ya saa moja, waliolazwa ndio walikuwa mbele kwa kufaa kuendelea na jeshi: 80% dhidi ya 58%. Ni kweli uchambuzi huo ulifanywa baadaye, na kuchagua kikundi ukishaona matokeo ni hatari. Lakini mimi singeutupa. Wastani wa watu 120 unaweza kumficha kabisa yule aliyeumia vibaya.

Tatu, hiyo “kazi” yenyewe. Hawa walikuwa bado wanajeshi, mwajiri wao yuko. Mwaka 2008 ulitoka utafiti mwingine wa watu 360 kwenye hospitali za wanajeshi wa zamani, ukilinganisha mafunzo ya kufikiri na mafunzo ya shughuli za kila siku. Baada ya mwaka, makundi yote mawili yalikuwa chini ya 40% kwa kurudi kazini au shuleni. Ukiweka 90 kando ya 40 useme programu moja ni bora, umedanganya watu. Wagonjwa ni tofauti.

Kilichoniuma ni kilichofuata. Askari wakarudi kutoka Iraki na Afghanistan wameumizwa na mabomu, na bima ya jeshi, Tricare, ikakataa kulipia tiba ya kufikiri ikisema ushahidi ni dhaifu. Mwaka 2011 jopo la wanasayansi la Institute of Medicine likakubali ushahidi ni mchache, ila likasema uchache huo si sababu ya kumnyima mtu tiba. Manze, tofauti ya “haijathibitishwa” na “haifanyi kazi” ilihitaji jopo zima!

Sisi pia tuna askari Somalia tangu Oktoba 2011, na mabomu ya barabarani ni yale yale. Najua kuna mtu ataona hadithi ya simu aseme poa, hii ni ya bei rahisi, tuichukue. Sawa, lakini kuingia utafiti wa Walter Reed ilibidi uweze kutembea mwenyewe, na nyumbani kuwe na mtu mzima wa kukuangalia. Kwetu huyo mtu ni mke au mama, na ili akae nyumbani lazima aache kibarua. Anayepanga bajeti aanze na huyo.