Nakili, bandika, kata: safari ya dawa za VVU hadi Embu

Nilipotea kidogo, kazi ilinibana. Leo tuiweke kompyuta kando tuzungumze dawa, ingawa mtaona kompyuta inarudi yenyewe.

Nilipokuwa mtoto Embu, kazi yangu ilikuwa kutazama saa. Saa moja asubuhi na saa moja jioni nilimpelekea mama mdogo maji ya kumezea dawa. Alianza ARV mwaka 2004. Kaka yake, mjomba wangu wa Meru, alifariki 1998. Ugonjwa ulikuwa ule ule. Kwa nini mmoja alibaki na mwingine akaenda?

Tuanze na virusi vyenyewe. VVU haviwezi kuzaana bila kuingia ndani ya seli na kuitumia. Vina vimeng'enya vitatu vya kazi hiyo. Cha kwanza kinanakili RNA ya virusi kuwa DNA. Cha pili kinaibandika ndani ya DNA ya seli. Cha tatu kinakata protini ndefu ziwe vipande vya kuundia virusi vipya. Nakili, bandika, kata! Ukizuia kimoja, kazi yote inakwama.

Dawa ya AZT aliitengeneza Jerome Horwitz wa Marekani mwaka 1964 akitafuta tiba ya saratani. Haikufaa, ikaachwa. Mwaka 1987 ikaidhinishwa kuwa dawa ya kwanza ya Ukimwi. Inajifanya tofali la DNA, kimeng'enya kinaipokea, na kunakili kunaishia hapo. Shida ni kwamba kimeng'enya hicho hukosea mara nyingi, na katika makosa hayo huzaliwa virusi sugu. Desemba 1995 ikaidhinishwa saquinavir, inayozuia kukata. Kufikia 1996 ilijulikana kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja, virusi vinashindwa kuponyoka.

Sasa piga hesabu. Dawa zilikuwepo 1996, mjomba akafa 1998. Kilichomkosesha ni bei, zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Mwaka huo huo Bunge letu likapitisha Sheria ya Mali ya Viwandani, iliyofungua njia ya kuagiza dawa nafuu kutoka nje. Mwaka 2003 Marekani ikaanzisha PEPFAR. Ndipo vidonge vikamfikia mama mdogo.

Vile vya mwanzo vilizuia kunakili tu. Dawa ya kwanza ya kuzuia kubandika iliidhinishwa 2007, na dolutegravir ya kundi hilo ikaanza kutolewa Kenya 2017. Siku hizi mama mdogo anameza kidonge kimoja kwa siku.

Sisi watengenezaji wa programu tuna mzaha wetu: programu ikigoma kwa mteja, tunamwambia mbona kwangu inafanya kazi. Mwaka 1998 dawa zilikuwa zinafanya kazi vizuri kabisa, lakini huko Marekani. Mjomba alikuwa Meru.