Zapfino: mwandiko wa mkono ndani ya kompyuta
Hermann Zapf, Mjerumani aliyefariki dunia mwaka 2015, aliuchora mwandiko huu kwa kalamu mwaka 1944, alipokuwa mchoraji ramani jeshini. Herufi za madini ya risasi hazikuweza kuubeba, kwani mikia yake mirefu huvuka mstari juu na chini. Ilimbidi asubiri hadi 1998, kampuni ya Linotype ilipoutoa kwa matumizi ya kompyuta.

Kila herufi ina maumbo kadhaa ya kubadilishana, maana mkono wa binadamu haurudii umbo lile lile. Hupendeza katika vyeti, majalada ya vitabu na kadi za harusi, mradi upewe nafasi. Jina likiandikwa lote kwa herufi kubwa, kosa ninaloliona mno katika kadi za kwetu, halisomeki.