Mchezo wa Mwisho Oakland: Timu ni Mali ya Nani?

Usiku wa Alhamisi, tarehe 26 Septemba 2024, niliketi sebuleni kwangu Dar es Salaam, simu mkononi, sauti nimeipunguza ili nisiwaamshe watoto. Hapa ilikuwa saa nne na nusu usiku. Kule Oakland, California, ilikuwa mchana. Timu ya besiboli ya Athletics ilikuwa ikicheza mchezo wake wa mwisho katika uwanja wa Coliseum baada ya misimu 57.

Wanafunzi wangu hunicheka kwa kupoteza usingizi kwa ajili ya mchezo ambao hapa nchini hata magazeti ya michezo hayautaji. Wana haki. Mapenzi haya niliyapata nikiwa mwanafunzi wa uzamivu huko California, na chanzo chake hakikuwa cha kitaaluma: tiketi za Athletics zilikuwa rahisi kuliko za majirani zao wa San Francisco. Nilipanda treni, nikavuka daraja la waenda kwa miguu, nikaketi nyuma kabisa karibu na wapiga ngoma. Mzee mmoja, dereva mstaafu wa basi, ndiye aliyenifundisha kuusoma mchezo. Aliniambia kwamba besiboli haina saa. Timu inayoongoza haiwezi kujiangusha chini na kupoteza muda hadi kipenga kilie. Ni lazima iendelee kumrushia mpinzani mpira mpaka mpigaji wake wa mwisho atolewe.

Siku hiyo ya mwisho walifika watu 46,889. Mipira ya ufunguzi ilirushwa na Rickey Henderson na Dave Stewart, wote wawili watoto wa Oakland. Henderson ndiye aliyevunja rekodi ya kuiba vituo mwaka 1991, katika uwanja huo huo. Asingemaliza mwaka 2024, kwani alifariki Desemba. Athletics waliongoza 3–2 dhidi ya Texas Rangers hadi awamu ya tisa. Mason Miller, kijana anayerusha mpira kwa mwendo unaozidi kilomita 160 kwa saa, akasababisha mpira wa mwisho ubingirike kwa Max Schuemann, naye akautupa kituo cha kwanza. Basi. Kocha Mark Kotsay akachukua kipaza sauti, akawashukuru watu, kisha akawaongoza kuliimba jina la mji wao. Mimi nilizima simu nikakaa gizani kwa muda.

Ni kweli kwamba timu ilikuwa mbovu. Msimu wa 2023 ilipoteza michezo 112 kati ya 162, na ule wa 2024 ilipoteza 93. Wenye mamlaka walisema mara kwa mara kwamba mashabiki hawaji uwanjani. Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza ni lipi lililotangulia. Wachezaji wazuri waliuzwa mmoja baada ya mwingine, uwanja ukaachwa uchakae hadi majitaka yakafurika vyumbani, ndipo viti vitupu vikatolewa kama ushahidi dhidi ya mji. Tarehe 13 Juni 2023 mashabiki walijibu hoja hiyo kwa namna ambayo sijaiona kwingine: waliitana kuujaza uwanja kwa makusudi. Wakaja 27,759, wengi wamevaa fulana zenye neno moja la kumtaka mmiliki, John Fisher, auze timu. Athletics wakashinda 2–1. Siku hiyo hiyo, Seneti ya jimbo la Nevada ilipitisha muswada wa kutoa hadi dola milioni 380 za umma kwa ajili ya uwanja mpya Las Vegas. Mwezi Novemba wamiliki wa timu zote 30 waliridhia uhamisho huo bila hata kura moja ya kupinga.

Haki ya kufanya hivyo ina historia ndefu. Mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba besiboli si biashara kati ya majimbo kwa maana ya sheria ya kuzuia uhodhi. Athletics wenyewe walizaliwa Philadelphia mwaka 1901, wakahamia Kansas City 1955, kisha Oakland 1968. Hivyo Oakland nayo ilifaidika na machozi ya wengine, jambo ambalo sisi mashabiki hatupendi kukumbushwa. Ila Oakland ililipa sana. Katikati ya miaka ya 1990 fedha za umma zilijenga jukwaa kubwa la kuirejesha timu ya soka ya Kimarekani ya Raiders, jukwaa lililoziba mandhari ya vilima. Raiders walihamia Las Vegas mwaka 2020, wananchi wakabaki na deni.

Nalisema hili nikijua kwamba nasi tuna mjadala wetu. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, zote mbili na wanachama, na kila tunapobishana kuhusu hisa za mwekezaji huwa tunazungumza kuhusu fedha tu. Ni nani atakayeamua klabu ilale wapi, hilo hatuliulizi.

Machi 31, 2025 Athletics, sasa bila jina la mji wowote, walifungua makazi yao ya muda jirani na Sacramento kwa kufungwa 18–3 na Chicago Cubs. Nikajiapiza kuwaacha. Kisha tarehe 25 Julai kijana wao Nick Kurtz akapiga mipira minne nje ya uwanja katika mchezo mmoja huko Houston, nami, kwa aibu, nikajikuta naitazama mipigo hiyo mara tatu kabla ya kwenda darasani.

Nilimwandikia yule mzee wangu kumuuliza kama ameiona. Akajibu baada ya siku mbili. Hakuiona. Alikuwa uwanja wa Raimondi, magharibi mwa Oakland, akiwatazama Ballers, timu ndogo iliyoanza kucheza 2024 na kuwauzia mashabiki hisa. Yeye amenunua za kiasi, akaandika, na viti vyake ni vigumu sana.